Siku ya Kwanza ya Bata Bukini



Wengi mliopata kuingia katika chumba chetu cha kazi mmeiona picha ya mashua ndogo ya alumini, iliyopakwa rangi ya matope, ikiwa imelala ubavu juu ya nyasi kavu. Mmeuliza ni ya wapi, nasi tumezoea kujibu, "Ni ya Marekani, tulikwenda kuwinda," kisha tukageuza mazungumzo. Wiki hii tunaona vema kuyasimulia yaliyobaki, kwa sababu majira yale ya mwaka yamerudi tena, na kwa sababu lile jibu fupi limeanza kutukera sisi wenyewe.

Ilikuwa Desemba 2019, katika jimbo la Maryland, upande wa mashariki wa Ghuba ya Chesapeake. Nchi ile ni tambarare, yenye mashamba makubwa ya mahindi na soya yanayokatwa vipande vipande na mito mipana isiyo na haraka. Mmojawapo ni Mto Chester, na karibu na mlango wake lilikuwapo hori dogo lenye matete pande zote mbili, ambako mzee mwenyeji wetu alizaliwa na ambako baba yake naye aliwinda. Mzee huyo alikuwa amekwisha kupita miaka sabini na mitano. Alikuwa na mjukuu wa miaka kumi na mitatu, aliyemaliza mafunzo ya usalama wa bunduki mwaka ule ule, na mbwa jike wa kahawia wa jamii ile inayoitwa kwa jina la ghuba yenyewe, ambaye manyoya yake yana mafuta na hayapitishi maji kwa urahisi. Sisi tulikuwa mgeni. Tulialikwa kwa sababu tulisema mezani, kwa majivuno kidogo, kwamba tulilelewa kando ya Ziwa Viktoria na kwamba kasia tulilishika kabla ya kalamu.

Yafaa kueleza ni ndege gani hawa. Bata bukini wa Kanada ni mkubwa, uzito wake waweza kufika kilo nne au zaidi, shingo yake nyeusi na shavu lake jeupe. Wale wanaofika Maryland wakati wa baridi hutaga mayai yao kaskazini ya Quebec, katika rasi ya Ungava, nchi isiyo na miti. Hupanda na kushuka njia hiyo kila mwaka kwa kundi la jamaa, wazazi pamoja na vifaranga waliozaliwa kiangazi kile, na dume na jike wakishakubaliana hubaki pamoja hadi mmoja wao afe. Wako wengine wa aina hiyo hiyo wasiohama kabisa, wanaochafua viwanja vya gofu na kuruhusiwa kuwindwa mapema mwezi Septemba. Hao mzee hakuwahesabu. Alisema kumpiga bata wa uwanja wa gofu ni sawa na kumpiga kuku wa jirani.

Mzee alikuwa na daftari la jalada gumu lililoandikwa siku ya ufunguzi ya kila mwaka tangu ujana wake: upepo, hali ya maji, waliokuwapo, na safu mbili za hesabu. Safu ya kwanza ilikuwa ya ndege waliopatikana. Ya pili ilikuwa ya ndege waliopotea, yaani waliopigwa na wasionekane. Hatukupata kuona mwindaji mwingine, huko wala kwetu, akiweka safu hiyo ya pili. Katikati ya daftari zilikuwapo kurasa zisizo na kitu ila mwaka uliotajwa juu. Mwaka 1988 wataalamu walihesabu katika ile nchi ya Ungava jozi zipatazo 118,000 zinazotaga. Mwaka 1995 zilibaki jozi 29,000. Uwindaji wa bata hao ukafungwa, na Maryland haikuufungua tena hadi mwaka 2001. Miaka yote hiyo mzee alishuka ufukweni siku ambayo ingekuwa ya ufunguzi, akatazama mto, akarudi nyumbani na kuandika mwaka.

Basi mwaka 2018 theluji ilichelewa kuyeyuka huko kaskazini, wengi hawakutaga, na hesabu ikashuka tena. Serikali haikufunga uwindaji safari hii, bali ilipunguza. Msimu uliokuwa wa siku 50 ukawa siku 30, na mwindaji aliyeruhusiwa bata wawili kwa siku akaruhusiwa mmoja. Mwaka wa kwanza wa sheria hiyo ndio uliokuwa mwaka wetu. Mmoja tu. Tuwakumbushe hilo tutakapofika mbele.

Tulikuwa na leseni na stempu pia. Stempu hiyo ya ndege wa majini ilianzishwa mwaka 1934 kwa dola moja, na wakati wetu ilikuwa imefika dola 25. Mwindaji hutia sahihi juu yake kwa wino, na karibu fedha zote zinazopatikana hununua na kulinda ardhi ya kinamasi. Tuliipenda sana stempu ile. Huenda tuliipenda kuliko ilivyostahili, kwani mtu akishatia sahihi mahali hudhani amekwisha kutimiza wajibu.

Tuliamka saa tisa na nusu usiku. Nje kulikuwa na baridi ya kuuma masikio, na upepo wa kaskazini-magharibi ulikuwa umeanza kuvuma. Mzee alisimama mlangoni muda mrefu akiunusa. Kisha akapakia: bata bandia dazeni tatu, bunduki tatu katika mifuko yake, chupa ya kahawa, makasia mawili, galoni la maziwa lililokatwa mdomo kwa ajili ya kukumba maji, na maboya ya kuvaa kifuani. Mashua ilikuwa na urefu wa mita nne na kitu. Watu watatu, mbwa, na mzigo ule wote. Tulipoketi, maji yalikuwa chini ya ukingo kwa urefu wa kiganja na nusu. Sisi tulioona mitumbwi ya Ukerewe ikivuka na watu kumi na magunia ya mihogo hatukushtuka, na hilo nalo linafaa kusemwa, kwa kuwa mazoea ya mtu yanaweza kumfanya kipofu. Maji ya ziwa letu ni ya uvuguvugu. Yale ya Chester mwezi Desemba yana nyuzijoto tano au pungufu. Anayeanguka humo hupoteza pumzi katika dakika ya kwanza, na baada ya dakika kumi hivi vidole vyake havishiki kamba tena. Mzee alitueleza hayo njiani bila kupandisha sauti, huku mjukuu wake akisikiliza kama mtu anayesikia mara ya kwanza, ingawa bila shaka alikwisha kuyasikia mara nyingi.

Tuliingiza mashua katika matete ya ufuko wa kaskazini, upepo ukiwa mgongoni petu. Mbele yetu maji yalikuwa yametulia kwa kukingwa na ufuko, na huko mbali katikati ya mto tulisikia tu mngurumo wake. Bata bandia walitandazwa kwa umbo la kiatu cha farasi, nafasi ikiachwa katikati, kwa sababu bata bukini hutua wakielekea upepo na hupenda mahali palipo wazi. Mwisho kabisa mzee alisukuma mashua kwenda nje kidogo, akachomeka mti mwembamba matopeni. Ulikuwa umbali wa mita 35 kutoka tulipojificha.

"Aliye ndani ya mti ni wetu," alisema. "Aliye nje ya mti ni wa Mungu."

Sababu yake haikuwa ushairi. Tangu mwaka 1991 marisau ya risasi yamekatazwa Marekani nzima kwa ndege wa majini, kwa kuwa ndege huyameza matopeni na kufa kwa sumu. Siku hizi hutumiwa ya chuma. Chuma ni chepesi zaidi, nacho hupoteza nguvu upesi. Marisau yaliyokwenda mbali humfikia ndege yakiwa na nguvu ya kumjeruhi tu.

Sheria iliruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Tukangoja. Katika kungoja huko akili yetu ilizurura, ikafika hata kwa Gerald wa Wales, padre yule wa karne ya kumi na mbili aliyeandika kuhusu Ireland kwamba bata fulani huota kutokana na magogo yanayoelea baharini, na kwamba maaskofu na watawa wa baadhi ya sehemu waliwala siku za kufunga kwa hoja kwamba hawakuzaliwa na nyama. Twacheka leo. Lakini sababu ya kosa ilikuwa rahisi: hakuna mtu wa huko aliyepata kuona kiota cha ndege hao, kwa kuwa viota vilikuwa mbali kaskazini. Walitokea tu, kila mwaka, kutoka upande wa bahari. Tulimweleza mvulana habari hiyo kwa kunong'ona, naye akamwuliza babu yake kama amewahi kuona kiota cha hawa wa kwao. Mzee akasema hajawahi. Miaka yote ile, na hajawahi.

Waliondoka mtoni kulipopambazuka, maelfu kwa pamoja, kwenda mashambani kula. Hatutajaribu kuieleza sauti ile. Mbwa alitetemeka mwili mzima, na sisi pia.

Yapata saa mbili na nusu walianza kurudi kunywa maji. Kundi la kwanza lilikuwa la ndege saba. Mzee aliwaita kwa filimbi yake ya mbao, sauti mbili, ya chini kisha ya juu, nao wakageuka. Zamu ilikuwa ya mvulana. Aliinua bunduki, akawafuata kwa mtutu, nao wakapita nje ya mti kwa mita kumi au kumi na tano, wakaenda zao. Akaishusha bunduki na kurudisha kiloki cha usalama. Babu yake hakumsifu. Aliendelea kutazama mbingu, kana kwamba lililotendeka ni la kawaida kama kufunga mlango.

Kundi la pili lilikuwa la ndege wawili.

Zamu ilikuwa yetu. Walikuja kutoka kusini, miguu ikianza kuteremka, mbawa zikipinda, na kwa macho yetu walionekana wakubwa kama nyumba. Tuliona mti. Hatuwezi kusema hatukuuona. Tuliuona waziwazi, na ndege walikuwa upande wa pili wake. Tulijiambia kwamba wangegeuka sasa hivi, kwamba siku ni moja na bata ni mmoja, kwamba tulikuja kutoka mbali. Yote hayo kwa muda mfupi kuliko wa kuyasoma. Bunduki ikalia.

Ndege wa nyuma aliyumba, bawa moja likalegea, akateleza na upepo hadi katikati ya mto, akaangukia huko, hai. Mwenzake alipanda juu, akazunguka akipiga kelele, kisha akashuka na kutua kando yake.

Mvulana aligeuka kututazama. Nadhani angeuliza, kwa maana watoto huuliza. Lakini mzee alisema kwanza: "Tumempiga. Sasa tumfuate."

Wapendwa, hapo mtatuwia radhi kwa kuwa hata katika kurasa hizi tumezoea kusema "sisi" tunapojitaja, desturi tuliyofundishwa zamani ili mwandishi asijikweze. Siku ile tuligundua kwamba neno hilo laweza kumsitiri mtu zaidi ya vile anavyostahili. Mkono ulikuwa mmoja, nao ndio huu unaoandika. Mzee alisema "tumempiga" kwa ukarimu, nasi tukanyamaza, tukaupokea ukarimu ule kama haki yetu.

Sheria ya huko humtaka mwindaji kufanya kila juhudi ya kumpata ndege aliyemjeruhi, na huruhusu kutumia injini kumfuata. Tulitoka kwenye matete, injini ikawaka, tukaenda na upepo. Kwenda na upepo ni rahisi sana, na ndiyo hatari yake, maana mashua huteleza bila kumwonya mtu atakavyorudi. Kila mita kumi mawimbi yaliongezeka. Bata alikuwa akiogelea shingo ikiwa imelazwa juu ya maji, na mwenzake alikuwa mbele kidogo, akigeuka kumtazama na kuendelea.

Zilipobaki mita 60 hivi mzee alipunguza mwendo. Alitazama nyuma kwenye ufuko, akatazama maji yaliyokuwa yakitua miguuni petu, akamtazama mjukuu wake. Kisha akatuuliza, kwa kuwa ndege alikuwa wa kwetu: "Waonaje?"

Tukajibu, "Kidogo tu."

Kosa la kwanza lilitokea upesi, pengine liko katika udhaifu ambao mtu aweza kuuelewa. Hili la pili tulilitamka tukiwa tumeketi, tukiwa na akili zetu, kando ya mtoto wa watu. Hatukuwa tukimhurumia ndege. Tulitaka kosa la kwanza lifutike.

Mzee alikwenda hizo mita chache zaidi. Wimbi likapanda juu ya tezi, likaingia lote, injini ikameza maji na kuzimika. Ukimya wake ulitisha kuliko wimbi. Mashua ikaanza kugeuka ubavu kuelekea mawimbi, maji yakiwa yamefika juu ya vifundo vya miguu, bata bandia wawili tuliowasahau ndani wakielea kati yetu. "Omo kwenye upepo," mzee alisema, wala hakusema lingine. Tukashika makasia. Mvulana akashika galoni la maziwa, akakumba maji bila kuinua kichwa. Mzee alipiga magoti katikati akimkumbatia mbwa asisogee, kwa sababu mnyama wa kilo thelathini akihama upande mmoja katika hali ile huwa amemaliza mambo.

Umbali tuliokwenda kwa dakika chache tuliurudi kwa dakika arobaini na zaidi. Kuna wakati tulipiga makasia na mti mmoja mkavu ufukoni ukabaki palepale machoni petu, kama uliochorwa. Ngozi ya viganja ilichubuka ndani ya glovu. Hatukumwona tena bata. Sauti ya mwenzake tuliisikia kwa muda, kisha upepo ukaichukua.

Upepo wa kaskazini-magharibi ukivuma kwa nguvu husukuma maji ya ghuba kuelekea baharini, na tulipofika mlango wa hori tulilikuta limekauka nusu. Tukashuka na kuivuta mashua katika matope yaliyofika magotini, mzee akivuta pamoja nasi. Alisimama mara tatu kupumzika. Mara ya tatu alikaa juu ya ukingo wa mashua akiwa amefumba macho, uso wake ukiwa na rangi ya jivu, na mvulana alisimama mbele yake amemshika mkono wa koti bila kusema neno. Dakika hizo hatutazisahau.

Tulipofika kwenye matete, kundi jipya lilishuka kati ya bata bandia, ndani ya mti kabisa, mita ishirini, labda chini ya hapo. Mzee alitutazama. Kwa hesabu ya sheria ndege asiyepatikana haingii katika kile kimoja ulichoruhusiwa, tungeweza kupiga. Bunduki yetu ilikuwa tayari ndani ya mfuko wake, nasi hatukuufungua. Tusijisifu kwa hilo: mikono ilikuwa ikitetemeka kiasi kwamba huenda hata zipu isingefunguka. Mvulana naye hakupiga. Alisema ana baridi.

Jioni upepo ulitulia na maji yakaanza kurudi. Tulishuka ufukweni na darubini. Kwenye ncha ya mchanga ng'ambo ya pili bata bukini mmoja alikuwa amesimama. Tulimtazama hadi giza likaingia, naye hakuondoka na makundi yaliyokuwa yakipita juu yake. Kama ndiye yule, hatujui. Bata mmoja kwa umbali ule ni sawa na mwingine.

Baada ya chakula mzee alileta daftari, akaandika upepo na hali ya maji na waliokuwapo. Katika safu ya waliopatikana aliweka sifuri. Kisha akatusogezea daftari na kalamu. Tuliandika moja katika safu ya pili. Mvulana alikuwa amesimama nyuma ya kiti chetu akisoma, ndipo tukamwambia, kwa nafsi ya kwanza umoja, kwamba ni mimi niliyepiga, kwamba mti niliuona, na kwamba ni mimi niliyesema "kidogo tu" wakati babu yake alipotaka kugeuza.

"Najua," alisema. "Nilikuwa pale."

Mzee alikuwa amekwisha kuilaza injini juu ya magazeti kwenye meza ya jikoni, akifungua skrubu moja baada ya nyingine na kuzipanga kwa mfuatano. Alimwomba mjukuu wake ashike taa, na sisi tukapewa kitambaa cha kukaushia vipande.